Nyuzi 30 za kiangazi si nyuzi 30 za masika

"Mtaalamu, chumba changu cha kulala kina mita 4 kwa 3, dari mita 2.5, na kiyoyozi chenye nguvu ya kupoza ya BTU 12,000. Wakati wa kiangazi, nje kukiwa nyuzi 30, nikikiwasha chumba kinafika nyuzi 24 upesi na mashine ya nje inapumzika. Masika haya kipimajoto cha nje kinaonyesha nyuzi 30 zilezile, lakini mashine inanguruma usiku kucha, mita ya umeme inakimbia, na asubuhi nakuta nusu ndoo ya maji, kama lita 10, chini ya bomba la kutolea maji. Chumba kinafika 24, lakini shuka zina unyevunyevu. Fundi ameongeza gesi mara mbili ndani ya miezi minane, na sasa anasema ninunue mashine kubwa zaidi. Jirani ananishauri feni ya maji kwa kuwa inakula umeme kidogo. Mwanangu anayesoma fizikia anasema jibu ni enthalpi, ila ameshindwa kunieleza. Kwani nyuzi 30 si nyuzi 30? Na ile alama ya jua kwenye rimoti, inafaa wakati wa baridi au ninunue hita?"

Ndugu yangu, mwanao yuko sahihi, na nitajaribu kummalizia maelezo yake. Wewe unahofia kwamba mashine imechoka, na ushauri wote uliopewa umejengwa juu ya hofu hiyo: gesi, mashine kubwa, feni ya maji. Mimi niliposoma swali lako sikushtushwa na mita wala ngurumo. Nilisimama kwenye ile nusu ndoo. Kiyoyozi kinachotoa lita 10 za maji kwa usiku mmoja ni kiyoyozi kinachofanya kazi, tena kazi nzito. Tunachotakiwa kujua ni nani anakipa kazi hiyo yote.

Tuanze na sufuria ya maji. Weka lita moja ya maji ya nyuzi 25 kwenye moto. Ili yafike nyuzi 100 yanahitaji joto la takriban kilojuli 314, na muda wote huo unaona kipimajoto kikipanda. Yakianza kuchemka, kipimajoto kinaganda palepale kwenye 100 ingawa moto ni uleule. Ukiyaacha yachemke mpaka sufuria ikauke, moto utakuwa umeyapa kilojuli nyingine 2,257, zaidi ya mara saba ya zile za mwanzo, na kipimajoto hakikusogea hata kidogo. Kama kufikia kuchemka kulichukua dakika 5, kukauka kutachukua kama dakika 36. Joto hilo limeingia kwenye mvuke likajificha humo. Joseph Black, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow, Uskoti, ndiye aliyeligundua mwanzoni mwa miaka ya 1760, na sisi tunaliita joto fiche. Ndilo linalofanya mvuke uunguze vibaya kuliko maji yaliyochemka: ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na mzigo wote uliobeba unautua juu yako.

Sasa enthalpi. Ni hesabu ya joto lote ambalo kitu kimebeba, lile linaloonekana kwenye kipimajoto pamoja na lile lililojificha. Kwa lugha ya darasani ni nishati ya ndani ya kitu ukijumlisha na zao la presha na ujazo wake. Mwambie mwanao kwamba kujumlisha huko kuna faida moja kubwa: presha isipobadilika, kama ilivyo kwa hewa ya chumbani, badiliko la enthalpi linakuwa sawa na joto lililoingia au kutoka. Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes ndiye aliyelitunga neno hilo kutoka Kigiriki, kutokana na kitenzi chenye maana ya kupasha joto ndani.

Hewa unayovuta imechanganyika na mvuke wa maji, kwa hiyo nayo ina joto la aina hizo mbili. Chukua kilo moja ya hewa ya kiangazi, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 40. Ndani yake kuna gramu 10.6 hivi za mvuke, na ukihesabu kuanzia nyuzi sifuri, enthalpi yake ni karibu kilojuli 57. Chukua kilo nyingine, nyuzi 30 zilezile lakini unyevu asilimia 80, kama inavyokuwa mvua zikishika. Sasa mvuke ni gramu 21.6 na enthalpi ni kilojuli 85. Hewa inayofaa kulalia, yaani nyuzi 24 na unyevu asilimia 50, ina mvuke wa gramu 9.3 na enthalpi ya kilojuli 48. Toa mwenyewe. Kiangazi, kila kilo ya hewa inayoingia chumbani mwako inaidai mashine kilojuli 9 au 10. Masika inaidai 37 au 38.

Mara nne. Kipimajoto hakikukudanganya, ila kinasoma safu moja tu ya daftari, na mita ya umeme inasoma zote mbili. Ukweli ni kwamba hesabu hii ni ya hewa tu. Joto la ukutani, la jua dirishani na la miili yenu haliongezeki mara nne kwa sababu ya mvua, na siku ya mawingu linaweza hata kupungua. Ndiyo maana mashine haikuzidiwa kabisa, imeelemewa tu.

Kinachotokea ndani ya mashine ni hiki. Koili ya mashine ya ndani, yaani bomba lililopindwapindwa katikati ya mabati membamba, huwa na ubaridi wa nyuzi 10 hivi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikishuka mpaka nyuzi 26 tu, kwa hiyo ikipita kwenye koili inalowesha kila bati. Kila lita ya maji inayotokana na mvuke pale inaachia kama kilojuli 2,450, na joto hilo halitoweki. Linaingia kwenye gesi ya kupozea, ambayo inalibeba kwenda kulimwaga nje.

Sasa turudi kwenye ndoo yako, kwa sababu hapo ndipo pana jibu. Lita 10 mara kilojuli 2,450 ni kilojuli 24,500, sawa na karibu yuniti 7 za joto, kwa kipimo kilekile cha yuniti za umeme. Joto hilo lingeweza kuyeyusha kilo 73 za barafu. Mashine nzuri huhamisha yuniti tatu hivi za joto kwa kila yuniti moja ya umeme, kwa hiyo kukamua maji hayo peke yake kunakugharimu yuniti mbili na ushee kila usiku. Mvuke huo ulitoka wapi? Watu wawili waliolala hutoa, kwa pumzi na ngozi, chini ya lita moja kwa usiku mzima. Lita 9 zilizobaki zimeingia na hewa ya nje. Kila kilo ya hewa ya masika huacha gramu 12 hivi za maji kwenye koili, kwa hiyo lita 9 ni kazi ya zaidi ya kilo 700 za hewa. Chumba chako chote kina kilo 35 za hewa. Maana yake hewa yote ya chumba imetoka na kubadilishwa na ya nje zaidi ya mara 20 kabla ya kupambazuka. Kuipoza hewa hiyo kutoka nyuzi 30 mpaka 24, bila kugusa mvuke wake, ni kama moja ya tano tu ya kazi ya kuikamua maji.

Ndugu yangu, tatizo lako la kwanza ni nyufa. Chini ya mlango, pembeni mwa dirisha, juu ya fremu, kwenye tundu ambalo mabomba ya kiyoyozi yanapita ukutani. Hilo la mwisho watu hulisahau sana, na mara nyingi ndilo baya kuliko yote kwa sababu limefichwa nyuma ya mashine. Usiku, washa tochi ndani na mwenzako asimame nje: kila anapoona mwanga, hewa inapita. Ziba kwa mpira wa milango na madirisha, na tundu la mabomba lizibe kwa povu la kuzibia au udongo wa mafundi. Kisha pima ndoo tena. Ukipunguza mabadiliko ya hewa kutoka mara 20 hadi 8, ndoo itashuka kutoka lita 10 hadi kama 4 na nusu, na mita itashuka nayo. Usizibe mpaka chumba kikose hewa kabisa, kwa sababu mnahitaji kupumua. Na kamwe msiwashe kitu chochote kinachotumia mkaa, mafuta au gesi ndani ya chumba kilichofungwa hivyo.

Kuhusu gesi, nitasema wazi kwa sababu suala hili linaumiza watu wengi. Gesi ya kupozea haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Gesi ya aina ya R-32, kwa mfano, ikiwa kwenye presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri. Ndani ya koili presha imepandishwa ili ichemke kwenye nyuzi 10 hivi, na kila kilo inayochemka inanyonya takriban kilojuli 300 kutoka kwenye hewa ya chumba. Ni sufuria ileile tuliyoanza nayo, ila moto wake ni hewa yako ya nyuzi 24. Kompresa inaukandamiza mvuke huo, koili ya nje inaurudisha kuwa kimiminika na kumwaga joto nje, kisha kimiminika kinapita kwenye mwanya mwembamba, presha inaanguka, na safari inaanza upya. Hakuna mahali katika mzunguko huo ambapo gesi inaliwa. Kama imepungua mara mbili ndani ya miezi minane, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kumimina maji kwenye gunia. Kama haikupungua, basi imezidishwa, na ikizidi presha ya upande wa nje inapanda, kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi, umeme unaliwa zaidi, na kimiminika kinaweza kurudi kwenye kompresa na kuivunja.

Kuna mtego hapa ambao hata mafundi waaminifu hunasa. Fundi akija masika, anapima hewa inayotoka kwenye mashine na kuilinganisha na inayoingia. Kiangazi anaweza kukuta tofauti ya nyuzi 10 au zaidi. Masika anakuta 7, anatikisa kichwa na kusema gesi imepungua. Lakini tofauti hiyo hupungua hata kwa mashine nzima kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu yake inakwenda kwenye kukamua maji na inayobaki ya kupoza hewa ni ndogo. Nilifundishwa kazi na mzee mmoja ambaye, kabla hajafungua mkoba wa vipimo vya presha, aliomba kwanza jagi lenye alama za ujazo, akaliweka chini ya bomba la maji na kutazama saa. Nilidhani anapoteza muda. Leo nalibeba jagi langu mwenyewe. Mashine ya masika inayotoa zaidi ya lita moja kwa saa ni vigumu kuituhumu kwa ukosefu wa gesi.

Mashine kubwa zaidi? Nakusihi usinunue. BTU 12,000 kwa saa ndiyo mafundi wanaita tani moja, na tani hiyo ni ya barafu kwelikweli: ni ubaridi unaopatikana kwa kuyeyusha tani fupi ya Kimarekani, kilo 907, kwa saa 24. Kwa chumba cha mita 12 za mraba ni nyingi tayari. Mashine kubwa mno itakimbiza hewa mpaka nyuzi 24 kwa dakika chache, kisha itazima kompresa. Koili haipati muda wa kukamua maji. Mbaya zaidi, kama feni ya ndani inaendelea kupuliza kompresa ikiwa imelala, maji yaliyobaki kwenye koili yanarudi kuwa mvuke na kuingia tena chumbani. Unapata nyuzi 24 zenye unyevu wa asilimia 75 au zaidi, na shuka zako zitakuwa vilevile, pengine mbovu zaidi. Weka feni kwenye hali ya kujirekebisha yenyewe, na jaribu ile alama ya tone la maji kwenye rimoti. Hapo mashine huendesha feni polepole ili hewa ikae muda mrefu kwenye koili. Wengi hugundua kwamba nyuzi 26 zilizo kavu zinalalika vizuri kuliko 24 zilizolowa, kwa sababu jasho linapata pa kwenda.

Wala usishushe rimoti mpaka 16 ukidhani chumba kitapoa haraka. Kwa mashine ya kawaida kompresa ina mwendo mmoja tu, na 16 inaiambia ichelewe kuzima. Yenye inveta, yaani inayoweza kubadili mwendo wa kompresa, inaweza kukaza mwendo mwanzoni, ila baada ya hapo nayo itaendelea kupoza kupita unavyohitaji.

Kwamba unyevu ndio mzigo wenyewe si jambo jipya. Mfumo ambao mhandisi Mmarekani Willis Carrier alibuni mwaka 1902, unaotajwa kama mwanzo wa viyoyozi vya kisasa, haukutengenezwa ili watu wapate ubaridi. Ulitengenezwa kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambako karatasi zilitanuka na kusinyaa kadiri unyevu wa hewa ulivyobadilika, rangi zikawa hazikutani. Alitakiwa kudhibiti maji yaliyomo hewani.

Feni ya maji ya jirani yako ni chombo kizuri, lakini majira yake ni kiangazi. Inapuliza hewa kwenye kitambaa kilicholowa. Maji yanapogeuka mvuke yanachota joto kutoka kwenye hewa hiyohiyo, hewa inapoa, lakini mvuke nao umeongezeka. Enthalpi ya hewa inabaki karibu ileile, joto limehamishwa tu kutoka upande unaoonekana kwenda upande uliojificha. Kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 40, mpaka wa mwisho ambao hewa inaweza kupozwa kwa njia hiyo ni nyuzi 20 hivi, na feni nzuri ikakupa 22. Kwa unyevu wa asilimia 80 mpaka huo ni nyuzi 27, nawe utabaki na hewa ya 27 na kitu iliyojaa maji. Ukiinunua, itumie siku kavu, dirisha likiwa wazi ili mvuke utoke, na usiiwashe pamoja na kiyoyozi. Kimoja kitamwaga maji hewani na kingine kitalipa umeme kuyakamua.

Alama ya jua ni jibu fupi: kama mashine yako ina uwezo huo, itumie, usinunue hita. Hita inageuza yuniti moja ya umeme kuwa yuniti moja ya joto, basi. Kiyoyozi kikigeuza mzunguko wake kinachota joto kutoka kwenye hewa ya nje, maana hata hewa ya nyuzi 8 ina enthalpi ya kutosha kuchotwa, na kinakuletea yuniti tatu au zaidi kwa kila moja ya umeme. Mwanafizikia William Thomson, anayejulikana pia kama Lord Kelvin, alipendekeza jambo hilo mwaka 1852. Nje kukikaribia sifuri faida hupungua, kwa sababu koili ya nje inashika barafu na mashine inalazimika kusimama kuiyeyusha. Ila soma kwanza karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine, kwa kuwa rimoti nyingi hutengenezwa kwa ajili ya mashine za aina mbalimbali, na alama inaweza kuwepo wakati mashine yenyewe haina uwezo huo.

Ziba nyufa, osha chujio, kisha pima ndoo kwa usiku tatu. Chujio lililoziba huzuia hewa, koili inapoa kupita kiasi na kushika barafu, na dalili zake zinafanana sana na za gesi kupungua. Baada ya hapo yako mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi na yanahitaji mtu asimame mbele ya mashine: barafu inayorudi kwenye koili au bomba ingawa chujio ni safi, alama za mafuta kwenye viungo vya mabomba, maji kukoma kutoka kwenye bomba wakati nje bado kuna unyevu, au maji kutiririka ndani ukutani. Swichi kuu ikijikata, au ukisikia harufu ya kuungua, zima mashine saa hiyohiyo na usiiwashe tena mpaka ikaguliwe.

Na fundi akija, kabla hajafungua mtungi muulize anatafutaje mvujo. Anayejua kazi atajaza naitrojeni kwenye mabomba na kukagua viungo kwa povu la sabuni, ataziba, atavuta hewa yote kwa pampu, kisha atapima gesi mpya kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye mashine. Usikubali wewe wala mwanao kufungua viungo hivyo wenyewe. R-32 inaweza kushika moto, na kimiminika chake kikikugusa kinagandisha ngozi, kwa sababu kinachemka papo hapo na joto la kuchemkia kinalichota mwilini mwako.